Finjani ya Pili

Huku Ibra, ukitosheka na kahawa
husemi "basi." Unaitikisa finjani
mara mbili, kwa ncha za vidole,
na mmiminaji huelewa, huhamia kwa jirani.

Sasa mkono wa baba hutikisa wenyewe.
Haumuulizi.

Miezi minane alikunywa finjani moja moja.
Wadhah, kijana wa dele, aliona mtikiso
akampita kwa adabu.
Na baba, Hamdun bin Nasir, mwalimu wa hesabu
ambaye hakuwahi kumwazima mtu chaki,
akaona haya kusema: bado nina kiu.

Aliniambia garini, usiku, kwa sauti iliyopungua
mpaka nikazima kiyoyozi nimsikie:
"Wananidhani nimetosheka."

Pakinsoni. Daktari wa Maskati alilitamka taratibu
kama jina la mgeni atakayekaa sana.
Tangu hapo tumejifunza vitu vidogo:
kidonge nusu saa kabla ya chakula,
kijiko kizito cha mpini mnene,
utepe wa njano sakafuni, mlangoni pa msalani,
maana hapo miguu hugoma kama punda,
ila akiuona mstari, anauvuka.
Mama humhesabia: mosi, pili, mosi, pili.
Naye humsahihisha: "Baada ya pili ni tatu, Rayya."

La finjani hakuna daktari aliyeliandika.

Ijumaa moja nikasimama kwenye sabla,
mimi nisiyejua kuhutubu, nikasema:
Baba akitikisa, hajasema kitu.
Akiifunika kwa kiganja, hapo amesema.

Kimya. Baba akatazama mkeka.
Mzee Thuwaini akatema kokwa ya tende,
akakohoa, akaifunika finjani yake
polepole, kama anayemfunika mtoto.
Aliyekaa kando yake akafunika.
Na wa kando yake.

Siku hizi sabla nzima hufunika.
Wageni wa kutoka Sur hutikisa, hutikisa,
na Wadhah huzidi kuwamiminia.

Baba hunywa nne. Nyingine huinywa kanzu;
lipo doa la zafarani kifuani
ambalo hatulisugui sana.
Kisha usingizi humruka, na lawama zote ni zangu.
Saa nane za usiku namsikia ukumbini
akiufuata utepe, peke yake:
mosi, pili,
tatu.