Ubao wa Futi Tatu

Ubao wa futi tatu hauingizi maneno mengi.
Ndivyo nilivyoijua dini, miye Mwaringa,
mchora mabango wa Kisumu Ndogo, Malindi:
kwa utepe wa kupimia na bei ya herufi,
shilingi ishirini kila moja, nukta bure.

Mteja huja na nusu mstari
kama aliyekumbuka ufunguo akasahau mlango.
Baya alitaka kwenye ukuta wa wanyanyua vyuma
kwamba yeye ayaweza yote.
Nikamwandikia kwa nyekundu, na msuli pembeni.
Sikujua aliyesema hayo alikuwa kifungoni,
akieleza alivyozoea njaa, akazoea na shibe.
Vyuma vyake vilikuwa minyororo.

Yule wa mikopo, barabara ya Lamu, akaleta karatasi:
HAYA YOTE NITAKUPA.
"Ni maandiko," akasema, "nimeyaona kwa macho yangu."
Nikachora, nikatia na kivuli cha manjano.
Siku ya tatu Athmani Shekuwe, muuza rangi,
ambaye msahafu wake ni mwingine
na kwangu hupita kudai deni,
alisimama chini ya bango akauliza taratibu:
"Nani alimwambia nani?"

Sikuwa na jibu.

"Kwetu aya huulizwa kwanza ilishuka lini,
kwa nani, palikuwa na ugomvi gani.
Neno lisilo na kisa ni mtoto aliyeokotwa sokoni,
kila mtu atadai ni wake."

Usiku nikawasha taa, nikatafuta.
Ni Ibilisi, jamani. Juu ya mlima.
Na sharti lake limekaa palepale, baada ya mkato,
nami nililiacha kwa kuwa ubao umekwisha.
(Ingawa, kwa riba ile, labda mwenye duka hakukosea.)

Tangu hapo nikawa msumbufu.
Maharusi wa Muyeye walitaka Mungu awaangalie
watakapokuwa mbalimbali.
Nikawaambia: hayo ni ya mkwe na mkwe walioviziana,
wakarundika mawe yawe mpaka, huyu asimvukie huyu.
Bibi harusi alicheka.
Bwana harusi akatafuta mchoraji mwingine.

Kisha Mama Umazi, wa mahamri na mbaazi, kule Ngala.
Nyevu wake yuko Riyadh mwaka wa tatu,
pasipoti iko kwa tajiri.
Alitaka ile ya mawazo ya amani,
ya tumaini mwisho wa safari.
Nami, mjuaji mpya, sikujizuia:
"Mama, hii ni barua kwa waliochukuliwa mateka.
Mstari mmoja nyuma imeandikwa miaka sabini."

Mafuta yalichemka karaini.
Nilitamani niurudishe ulimi wangu.

"Sabini," akasema. Yeye ana hamsini na tisa.
"Na hapo katikati waliambiwa wafanye nini?"

Wajenge nyumba, nikasoma. Wapande bustani,
wale matunda yake. Wauombee ule mji.

"Niiombee Riyadh?"

"Ndivyo ilivyo, mama."

Akageuza hamri lililoanza kuungua.
"Basi huyu alijua kungoja ni nini.
Kanisani wananiambia mwezi ujao.
Kila mwezi, mwezi ujao.
Niandikie ya bustani."

Haikuenea. Nikageuza ubao, nikaendelea nyuma,
upande asiouona mteja, anaouona yeye tu
akiinama kupuliza makaa.
Nilimtoza herufi za mbele.

Juzi nimepita. Nyuma ya kibanda kuna mikebe mitatu,
ile ya rangi ya Shekuwe, imejaa udongo.
Mchicha, akaniambia.
Nikachungulia. Bado haujaota.