Hatua Arobaini na Tatu

Nimezihesabu kwa miguu yangu,
kutoka kizingiti cha mlango hadi seng'enge:
arobaini na tatu. Masika, arobaini na tano,
kwa kuwa nazunguka dimbwi.
Mimi Nangomwa, mlinzi wa mlingoti wa redio hapa Newala:
rungu, tochi, na koti lenye jina la kampuni
iliyokwisha kufa.

Usiku wa manane seng'enge husema.
Usinicheke. Pale waya ulipoliwa na kutu
taarifa ya habari hutoka ndogo, yenye mafua,
kama mtu aliyefungiwa ndani ya kibuyu.
Nimesikia bei ya korosho kwenye waya ule
kabla Chama cha Msingi hakijabandika karatasi.
Nimesikia, Jumatano moja, tangazo la kifo,
"habari ziwafikie ndugu wa Kitangari,"
na jina la mjomba wangu likakatika katikati
upepo ulipotikisa nguzo.

Kisha Dadi, mwanangu, akaokota bomba la taa,
bovu, limeungua ncha zote mbili,
akalisimamisha karibu na ua.
Likawaka.
Hafifu, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji,
bila waya, bila swichi, mkononi mwa mtoto wa miaka tisa.
Alicheka. Mama yake alitoka na unga vidoleni,
akampokonya, akalivunja juu ya jiwe.
Ndiyo siku neno "mionzi" lilipohamia kwetu.
Linakula nasi, linalala nasi,
halijalipa kodi.

Asumini kichwa kinamgonga upande wa kushoto,
upande wa mlingoti.
Bi Fikira mikorosho yake imemwaga maua.
Ni ubwiriunga, nikamwambia, kila mwaka ni ubwiriunga.
"Mwaka huu una sauti," akajibu.
Na Somoe wangu, mimba mbili,
moja ya miezi mitatu, moja ya minne.
Hilo hatulisemi mbele ya watu.

Fundi alikuja kutoka Mtwara mjini na mita ya manjano.
Akazunguka ua, akapima mlangoni, akapima jikoni.
"Iko chini ya kiwango, mama. Chini sana."
"Kiwango alikiweka nani?"
"Wataalamu."
"Walilala hapa?"
Alikuwa mtu mwema; hakukasirika.
Alieleza kwamba haya si kama ya picha ya hospitali,
hayavunji kitu mwilini, yakizidi hupasha joto tu,
na hapa hayajafika hata joto la jua la saa tatu.
Nilielewa nusu. Nusu ile niliiamini.
Lakini maji tuliyompa aliyanywa amesimama,
nje ya geti,
na Somoe alikuwa akihesabu:
yeye dakika kumi na moja, sisi miaka sita.

Usiku nikamkumbusha salfa:
kila Julai tunakohoa vumbi lake,
linaingia hadi kwenye chumvi,
na hakuna aliyeagiza mita.
"Salfa naiona," akasema,
akageukia ukutani.

Mwezi jana radi ilipiga. Siku nne, kimya.
Watu wakajaa getini: mnada umefunga bei gani?
Nani kafariki?
Asumini naye, kichwa kingali kinamgonga,
kaikumbatia redio yake kama mtoto mwenye homa:
"Nangomwa, itarudi lini?"
Mimi sikulala. Masikio yalikuwa yakipapasa giza.

Somoe ana mimba tena. Hajaniambia.
Najua kwa anavyokimbia harufu ya uraka.
Leo alfajiri nimemkuta anakokota kitanda peke yake,
anakiondoa kwenye ukuta wa upande ule.
Ukuta wetu ni fito na udongo, unene wa shubiri,
na chumba chenyewe hakizidi hatua nne.
Fundi alisema mawimbi hupita udongo
kama harufu ya kitunguu.
Sikumwambia.
Nimeweka tochi chini,
nimeshika miguu ya kitanda,
tumeinua.