Konzi ya Mchele

Mvua ya siku tisa imekula barabara.
Kutoka hapa kilimani hadi Aizawl hapapitiki;
mlima umejilaza njiani kama ng'ombe aliyegoma,
na Rohlua wangu yuko ng'ambo ya lile tope
na picha ya kifua chake ndani ya bahasha
ambayo sijui imeandikwa nini.

Simu inalia tuu, tuu, kisha kimya.

Usiku nafanya hesabu.
Mchele: siku nne. Tano, tukila kindege.
Deni dukani kwa Ngurthansangi. Ada ya Mawii.
Kifua. Bahasha. Kifua.
Haba na haba hujaza kibaba, husemwa;
haisemwi kibaba cha nini.
Wasiwasi nao una mkono, unapima, unamimina,
na kunapokucha umenijaa hadi kooni.

Kila mwanamke wa kilima hiki, kabla ya kuinjika chungu,
huchota konzi moja ya mchele
akaitia kwenye mkebe wa kanisa.
Mama alifanya hivyo hata mwaka ule mianzi ilipochanua
na panya wakayamaliza mashamba.
Leo ngumi yangu imekataa.
Nimesimama juu ya mkebe, vidole nimevifumba,
punje zinanichoma kiganjani,
nikamwambia Mungu waziwazi, bila adabu:
"Hizi ni za Mawii."
Hakujibu. Ilijibu mvua, kwenye mabati.
Nikazirudisha guniani.

Jioni waliimba nyumbani kwa Thangzuali,
aliyemzika kaka yake juzi.
Sikutaka kwenda. Nilikwenda kwa aibu tu.
Ngoma alishika Ramdina, fundi wa pikipiki,
kidole gumba bado kina grisi.
Du.
Du.
Polepole, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo.
Sauti zikakokotana, hakuna iliyomwacha mwenzake nyuma.
Mfiwa ndiye aliyeinuka wa kwanza,
akaingia katikati, akayumba, macho kayafumba,
na mimi niliyekuja kumpa pole
nikabaki nimeshika ukuta.

Sijui ulikuwa ubeti wa ngapi
moyo wangu, uliokuwa ukikimbia peke yake siku zote tisa,
ulipoisikia ile ngoma, ukapunguza mwendo,
ukaanza kutembea nayo.
Sikuona nuru. Sikusikia neno.
Ila wakati tunavaa viatu nilitambua
nimelitaja jina Lake usiku kucha
na bahasha sikuitaja hata mara moja.

Barabara haijafunguka.
Simu bado inalia tuu.
Mawii amelala, mdomo wazi, mguu nje ya blanketi.
Nimefungua gunia gizani, sikuwasha taa.
Konzi moja. Si kubwa.
Kidole cha mwisho kilipoachia
punje ziligonga kitako cha mkebe
kwa sauti ndogo, ya mtu anayebisha hodi
akijua ndani kuna watu.