Chungu cha Mrehani

Siku ya kwanza hatukusemezana.
Siku ya pili pia.
Siku ya tatu akasema, "Maji,"
hakusema anamwambia nani.
Mama mkwe wangu Rakhma, chungu cha mrehani kichwani,
mgongo wima kama mdaiwa anayepita sokoni,
na mimi nyuma yake, hatua nne, na dumu la lita tano.

Kundi letu, namba mia moja na kumi na mbili,
lilitoka Alandi kwenye matope
nyuma ya machela ya fedha yenye nyayo za mtakatifu,
matoazi yakigonga, wazee wenye mvi wakirukaruka
kama watoto waliosamehewa ada ya shule.

Sopan alikopa ili tuchimbe kisima.
Futi mia nne, kikatema vumbi.
Mama yake ndiye aliyetia dole gumba kwenye karatasi ya mkopeshaji.
Mimi ndiye niliyesema, bila maji pamba itakufa.
Ikafa.
Mwezi wa nane tuliikuta chupa ya dawa ya pamba mvunguni,
tupu, kizibo kimefungwa vizuri.
Alikuwa mtu wa kufunga vizibo.
Tangu hapo, nyumba moja, majiko mawili.

Sikuja kumtafuta Mungu, niseme ukweli.
Nilikuja kwa sababu yeye ana miaka sitini na nane
na majirani wangesema.

Kwenye mlima wa Dive mvua ilitushukia kama gunia lililopasuka.
Barabara ilijipinda juu, imejaa plastiki za manjano na buluu
hadi ukungu ulipozimeza.
Kisigino changu kilikuwa kimeshaacha ngozi njiani.
Gorakh kinyozi akanikalisha juu ya jiwe la kilomita,
akanipaka mafuta ya ufuta, akakataa rupia.
"Mguu ni wa njia," alisema. "Wewe umeazimwa tu."
Nikacheka. Kisha nikaogopa kwamba amesikia.
Alikuwa amesikia.

Njia ile ina desturi: unayekutana naye huinama,
hugusa miguu yako, hukuita Mauli, yaani mama,
uwe mzee, uwe mtoto, uwe mfagia vyoo,
uwe tajiri wa Pune mwenye simu mbili.
Nawe huinama vilevile.
Hakuna achaguaye wa kumwinamia.
Jioni, pale Saswad, foleni ya lori la maji ikajikunja,
tukajikuta uso kwa uso,
watu nyuma yetu wakisubiri.

Alishusha chungu. Magoti yake yalilia, niliyasikia.
Dole gumba lile lile
likagusa kidonda changu.
"Mauli," akasema, kwa sauti kavu, kama anayelipa.

Nikainama. Miguu yake ilikuwa ya Sopan,
kidole cha pili kirefu kuliko cha kwanza.
Miaka tisa ndani ya nyumba yake, sikujua.

Asubuhi alinitwika chungu bila neno.
Udongo wake ulikuwa wa shamba letu,
ule ulionyimwa maji,
sasa ukichuruzika tope shingoni mwangu.
Chungu ni kizito na uchungu ni mzito,
lakini chungu waweza kumpokeza mwenzio
hadi mti unaofuata.
Tukapokezana. Mti kwa mti, hadi Wakhari.
Mahali fulani kati ya miti hiyo aliniita Shevanta.

Pandharpur, foleni ya hekalu ilikuwa ya saa thelathini.
Mungu wetu husimama juu ya tofali, mikono kiunoni,
kama mtu aliyechelewewa na basi.
Rakhma akatazama umati, akatazama kisigino changu,
akanyoosha kidole: ncha ya mnara,
katikati ya waya za umeme na moshi wa wakaanga vitumbua.
"Nimemwona," alisema. "Naye ana macho."

Tukarudi kwa basi, mrehani mapajani,
majani saba yamebaki.
Baada ya daraja alisema, akitazama nje,
"Jiko langu lina ufa."
Nikamwambia, kuni lakini ziko kwako.