Muhtasari wa Kayenze

Kazi yangu ni kuandika yaliyosemwa,
si yaliyomaanishwa. Halmashauri hulipa posho
kwa kalamu inayonyamaza.

Agenda namba tatu: rasimu ya sheria ndogo ya mwambao.
Kifungu cha tisa: Ni marufuku mtu yeyote
kufanya shughuli yoyote ya kibinadamu
ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa ziwa.
Mwanasheria alikisoma mara mbili,
mara ya pili polepole,
kana kwamba upole ni tafsiri.

Wadau waliohudhuria: kumi na tisa.
Viti vilikuwa mia, vya kukodi, vya bluu,
na kwenye vile themanini na kimoja
upepo uliketi bila kusaini.

Ndipo akasimama Mbuke Lushinge, mwanika dagaa,
magamba yakimeta kwenye kiwiko.
"Mmetuita gizani."
Afisa akatazama saa: saa nne asubuhi, jua la utosi.
Wachache wakacheka, wale wanaojua
kwamba giza ni majuma yasiyo na mwezi,
wavuvi wa dagaa hukesha na taa majini
na mchana hulala kama magogo.
"Mkitaka wadau njooni mbalamwezi,
nyavu zikiwa zimetundikwa.
Kalenda yenu inajua Pasaka, inajua mwaka wa fedha,
mwezi wenyewe haiujui."

Sikujua pa kuliweka hilo.
Nikaliandika chini ya Mengineyo.

Wakarudi mbalamwezi.
(Si jambo la kila siku; nalisema hapa
kwa kuwa muhtasari haukulisema.)
Viti havikutosha. Watu wakakalia kreti,
wakakalia mitumbwi iliyopinduliwa:
wauza barafu, mafundi wa kuziba nyufa kwa pamba,
Bwire wa ulinzi wa mwambao, aliyechoma kokoro la shemeji yake,
na shemeji mwenyewe, mstari wa nyuma,
mikono kifuani.

"Mita sitini kutoka wapi?" Mbuke akauliza.
"Kutoka majini, mama."
"Maji ya lini?"

Hapo kalamu yangu ilisimama yenyewe.

Tukatoka na futi kamba.
Kisandu mpimaji akashika sifuri pale povu linapofia,
mtoto wa darasa la tano akakimbia na mwisho wake,
akapita mchanga, akapita vichanja,
akaingia jikoni kwa Mbuke
na kuishia kwenye figa la tatu.
Sufuria ilikuwa inachemka.

"Haya ni maji ya leo," Mbuke akasema,
akatupeleka ukutani kwa zahanati,
kwenye mstari wa kijivu usawa wa goti.
"Haya ni ya mwaka ule wa mafuriko. Pimeni tena."
Kutoka pale, mita sitini zilivuka barabara
zikapanda ngazi za kanisa.

Watu wakacheka. Bwire hakucheka.
Akanyoosha kidole ghubani, palipo peupe.
"Pale sato walizalia matete.
Hayakung'olewa na mafuriko. Tuliyakata sisi."
Hakuna aliyeuliza sisi ni nani.
Mbuke alitazama vichanja vyake,
vilivyosukwa kwa matete, safi, vya mkono wa fundi,
na kwa mara ya kwanza siku ile
hakuwa na neno.

Usiku nikaandika: Wajumbe walijadili kwa kina.
Nikajiuliza, kina cha wapi? Cha goti?
Nikakata. Nikaandika: Maji ya lini?
Nikaandika: Tuliyakata sisi.
Nikagonga muhuri kabla sijaogopa.

Miezi minane baadaye sheria ilirudi.
Nikaenda nayo ufukweni, nikamsomea kifungu cha tisa:
mita sitini kutoka alama ya juu ya maji,
kama itakavyobainishwa na mamlaka,
isipokuwa vichanja vya kuanikia, kwa kibali.
Giza halimo. Sato hawamo.

"Vichanja," akarudia,
akalionja neno kama anayepima chumvi.
"Basi hilo ni langu."
Akainama, akageuza dagaa upande wa pili.
"Na hicho kibali, bei gani?"

Sikujua.

"Si una kalamu?" akasema. "Andika."