Bwana Harusi Hakuwepo

Mwaka hamsini na saba, kijijini Calabria,
bibi yangu Saveria aliolewa na mtu aliyekuwa Melbourne
akibeba matofali.
Kanisani alisimama shemeji, Rocco,
suti ya kuazima, viatu vya baba yake,
akasema "ndiyo" kwa niaba ya kaka.
Pete akaivisha yeye. Keki akaikata yeye.
Usiku ulipofika akaenda kulala kwa shangazi,
na bibi akalala na mama yake mzazi,
mke wa mtu, kitanda kilekile cha jana.

Huwa anaisimulia akimenya maharage mabichi,
haraka, kama mtu anayesoma risiti.

Picha walimpa moja: kijana mwenye nywele nyingi
ameegemea gari ambalo, baadaye ilijulikana, halikuwa lake.
Siku thelathini na moja melini. Wanawake arobaini,
kila mmoja na mume wake ndani ya bahasha.
Baada ya chakula waliwapanga mezani
kama karata:
wangu ana masharubu; wangu ana duka;
wangu, alisema Pasqualina wa Reggio, ana macho ya mwongo.
Gatini, walipoanza kulinganisha picha na sura,
Pasqualina alirudi chumbani akajifungia komeo.
Walimbembeleza hadi saa tatu usiku.
Bibi hajui aliishia wapi.
Yeye alishuka.
Mwanamume mwenye upara kidogo alimsogelea na koti la sufu,
mikono ya koti imepita vidole.
"Nilisikia utaona baridi," alisema.
Hayo tu. Kisha wakatafuta tramu.

Mama yangu, katikati yetu, aliolewa kwa mapenzi,
wageni mia tatu, njiwa wakarushwa,
na talaka ikaja mwaka wa sita
kwa posta ya kawaida.

Mimi nimekaa na Declan mwaka wa tisa.
Tuna mkopo wa nyumba, mbwa mzee,
bili moja ya umeme, akaunti mbili za benki.
Cheti hatuna. Tulikutana kwenye simu:
ndani ya basi, nikitoka kazini,
nilitelezesha kidole juu ya nyuso sitini,
yake ikanisimamisha.
"Kumbe nawe ulichagua picha," bibi alisema,
"ila wewe ulipewa pakiti nzima."

Nikamuuliza: babu ulimpenda?
Akakung'uta maganda kwenye gazeti.
"Swali hilo halikuwepo kwenye fomu.
Waliuliza afya, ubatizo, na kama najua kushona."
Akamenya tena. Kisha:
"Mwaka wa kumi na nne, Alhamisi moja,
alikuwa amelala chini ya mashine ya kufulia, miguu tu nje,
akiitukana kwa lahaja ya kwetu,
nikasikia kitu kimenishika hapa.
Nikaenda kuanika nguo kabla hakijaonekana."
"Ulimwambia?"
"Angedhani naumwa."

Nilidhani amemaliza. Akaniangalia,
ganda moja mkononi, halijafunguliwa.
"Rocco alitetemeka," alisema. "Siku ile, akinivisha pete.
Mkono wote, hadi begani.
Mvulana wa miaka kumi na tisa
anakula kiapo cha mtu mwingine.
Babu yako, Mungu amrehemu, hakutetemeka hata siku moja.
Wako je? Hutetemeka?"

Sikuwa na jibu.
Akanisukumia bakuli nimsaidie.

Koti lile bado linaning'inia nyuma ya mlango wake.
Nililivaa kurudi nyumbani, baridi ya Julai imekaza,
na kwangu nako mikono inapita vidole.

Declan alikuwa usingizini, simu kifuani, taa inawaka.
Nikauinua mkono wake kama muuguzi anayetafuta mapigo.
Ulikuwa mzito, wa moto, umetulia.
Nikaushikilia hivyo hivyo
hadi wangu ukaanza.