Nusu Kidonge

Wodini mgonjwa hana viatu.
Ana kitanda, namba kumi na saba,
ana chati inayoning'inia miguuni,
na mimi alfajiri, kabla ya raundi,
nakariri figo zake kama mtoto wa madrasa
ili Dokta Lyatuu asinikute kichwa kitupu.

Lakini Jumanne wananipeleka kliniki, Temeke:
feni moja, mabenchi matatu,
kadi zimepangwa tangu saa kumi na moja,
na huku watu huingia na viatu vyao.
Bi. Hadia kaja na kandambili, kila mguu na rangi yake.

Presha, mia na tisini.
Mwezi wa pili niliongeza dozi.
Mwezi wa nne nikaongeza tena.
Leo kalamu imeshagusa karatasi
Dokta Lyatuu akakohoa nyuma yangu:
"Muulize dawa anaiweka wapi."

Bibi akafungua pindo la khanga.
Vidonge, vyote vimekatwa kwa wembe,
sawa kwa sawa, kama mirathi ya dada wawili.
"Nusu yangu, mwanangu. Nusu ya Mgeni, mdogo wangu.
Yuko Mtoni Kijichi, miguu imevimba, foleni haiwezi.
Nawe Mungu akuweke. Kila ukiniongezea,
na yeye anapata."

Miezi yote hiyo nilikuwa na mgonjwa
nisiyemjua jina.

Nikaomba kadi mpya.
Nikaandika: Mgeni. Umri... nikasita.
"Andika tu," akasema.
"Alipozaliwa, mimi nilikuwa nimeshaanza kutembea."